Magamba ya Vikopo vya Mtindi

Jaji aliliinua bega la vazi la joka, akaligeuza juu chini, kisha akalirudisha mezani kama mtu anayekataa nyanya iliyooza sokoni.

"Kazi hii si ya mikono yako peke yako," alimwambia Zornitsa. "Tumekuondoa."

Loo! Na ukumbi mzima mjini Ruse ulikuwa umeshalipigia makofi vazi lile: pembe za magazeti na foili, mkufu wa vifuniko vya chupa, na mabega ya magamba yaliyokatwa kwenye vikopo vya mtindi, yakapashwa moto juu ya jiko mpaka yakajikunja, yakapakwa rangi ya shaba. Msimu wote wa baridi mama yake, Stanka, alikula mtindi asubuhi na jioni ili binti asikose vikopo. Dukani walinunua gundi na rangi tu.

Sheria ya mashindano ilikuwa moja: unachovaa, umekitengeneza mwenyewe. Mshindi angekwenda Prague miaka miwili kujifunza ufundi wa mavazi kwenye jumba la maigizo. Zornitsa alikuwa amechoka kuuza viatu vya watu. Hakuwahi kutaka kitu maishani kama alivyoitaka Prague.

"Nani kasema si kazi yangu?"

Jaji alimrushia picha kwenye simu. Ilikuwa imetumwa asubuhi hiyo na mtu asiyejitaja: Nevena, rafiki yake tangu chekechea, ameinama jikoni kwa kina Zornitsa, anabandika gamba.

Ni Jumapili ile Zornitsa alipoungua vidole kwa gundi ya moto. "Lete hapa, we mgonjwa, nikubandikie safu moja tu," Nevena alisema. "Nani atajua?" Mama akamletea Zornitsa chai ya maua na kidonge cha maumivu, na usingizi ukampitia palepale kwenye kochi la jikoni.

Sasa Nevena, naye mshindani, aliyekuwa wa pili, ndiye wa kwanza. Kumsaidia mwenzako halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kusaidiwa.

Zornitsa alimkuta nyuma ya jukwaa na mabawa yake ya waya na soksi za nailoni.

"Nyoka we! Umekula kwetu, umelala kwetu!"

"Zori, naapa kwa macho yangu, si mimi."

"Jikoni kulikuwa na nani mwingine? Paka?"

Angefanyiwa hivi na mtu baki, angelia kidogo akanyamaza. Lakini Nevena! Nevena aliyejua hata sanduku la safari limewekwa wapi!

Stanka alikuwa ameshafika. Alimkumbatia binti yake kwa nyuma, akamfuta machozi kwa kiganja.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Baba yako naye aliniaga kwa busu, anakwenda Hispania kuchuma machungwa msimu mmoja. Mpaka leo anachuma."

"Mama Zori, hata wewe?" Nevena alianza kulia, wanja ukamchuruzika mashavuni.

"Mimi nimesema nini? Nimetaja jina la mtu?"

"Toka mbele yangu," Zornitsa alimwambia Nevena. "Nenda Prague yako. Mimi na wewe basi."

Nevena hakutoka. Alimpokonya simu, akaikuza ile picha, akamsogezea mpaka karibu imguse pua.

"Itazame yote, mpumbavu we! Umeona uso wangu tu ukaanza kutukana. Mkono huu una gundi. Huu una gamba. Na huyo kwenye kochi nyuma yangu, kinywa wazi, ni nani? Si wewe, umelala fofofo? Sasa mimi nimeipigaje hiyo picha? Kwa pua?"

Zornitsa alitazama. Mikono yote miwili ya Nevena ilikuwepo. Na picha ilipigwa kutoka mlangoni, na mtu aliyesimama.

Aligeuka polepole.

Mama yake alikuwa ameshavaa koti, anayapanga mabega ya joka ndani ya mkoba, taratibu, yasivunjike.

"Twende nyumbani," alisema, macho yakiwa kwenye zipu. "Wawili tunatosha."