Aliyekuwa wa Tano

Asubuhi daktari mgeni alimwambia Mwanakheri, aliyeandika programu ya foleni ya upasuaji wa macho, "Futa wa tatu na wa nne, wamehamishwa." Mwanakheri akaandika: ondoa wa tatu, kisha ondoa wa nne. Akabonyeza.

Mchana mama mmoja alisimama dirishani, mtoto mgongoni. "Dada, Salha wangu ni wa tano. Mbona haitwi?"

Mwanakheri alitafuta jina. Halikuwemo. Wa tatu alipotoka, wote wa nyuma yake walisogea mbele. Salha akawa wa nne, akafutwa yeye, na yule wa nne aliyehamishwa akabaki kwenye orodha.

"Wa mwisho hayupo, tumemaliza!" nesi alitangaza. "Daktari anasafiri!"

Mwanakheri, ambaye hakuwahi kupaza sauti kazini, aliinuka mpaka kiti kikaanguka. "Sista, bado mmoja!"

Nesi aligeuka. Nyuma yake, daktari alikuwa ameshavua glavu moja.