Stika ya Kijani

Kitwana, fundi wa uwanja wa ndege zisizo na injini, alibandika stika ya kijani kwenye kioo cha ndege ya Bi Salha. Stika ile ilimaanisha kwamba kile kifaa kinacholia ndege nyingine ikikaribia kimeshawekewa programu mpya. Hakikuwa kimewekewa, na ile ya zamani ilikwisha muda usiku uliopita, kwa hiyo kifaa kisingelia tena. Alikusudia kuimalizia baada ya chai. Aliporudi, kamba ilikuwa imeshamvuta Bi Salha angani.

Alishika redio amwite. Akaona wenzake wote wanamtazama, akairudisha mezani. "Hali ya hewa nzuri leo," alisema.

Juu ya mji, ndege ya Bi Salha na nyingine nyeupe zilikuwa zikizunguka katika hewa moja inayopanda, kama mwewe. Zikakaribiana mno, kisha zikapishana. Kitwana alijikuta amekaa kwenye nyasi.

Bi Salha alitua akicheka. "Fundi, mkono wako una baraka! Siku zote kinanipigia kelele mpaka kichwa kinauma. Leo kimya kabisa, kama vile niko peke yangu huko juu."

"Alhamdulillahi," alijibu Kitwana.

Nyuma yao ndege ya pili ikatua. Rubani wake akashuka, akashikilia bawa kama mtu asiyeiamini miguu yake, kisha akaanza kuja.

Kitwana aliinamia kioo, akaikwangua stika kwa ukucha. Ilikuwa imeshika barabara.