Diski ya Harusi

Tausi alisimama nyuma ya fundi Mbaraka, macho kwenye kompyuta. DVD ya harusi yake ilikuwa imejaa mikwaruzo, na ndiyo pekee iliyobaki na sauti ya marehemu mumewe. Binti yao, aliyezaliwa baba ameshazikwa, aliomba baba asikike kwenye video ya harusi yake mwenyewe anayoiandaa. Ndiyo maana Mbaraka alikuwa akiigeuza iwe faili la kuhariri.

"Imekwama, mama. Nikiilazimisha inaweza isisome tena. Tuiache?"

Tausi akasogea karibu na kompyuta. Miaka yote hakuthubutu kuitazama, na sasa aliogopa kuipoteza.

"Endelea, mwanangu."

Diski ikakoroma mashineni. Picha ikarukaruka, ikatulia. Mumewe, mdogo kuliko binti yao alivyo leo, akaigeukia kamera, akavuta pumzi, akafungua mdomo.