Kiganja cha Jirani

Mzee wa kanisa alifunga mlango wa stoo, akasema hakuna atakayeteremka kwenda kuhubiri Buguruni kabla hawajashikana mikono na kuombeana kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Ndivyo walivyozoea wafanyabiashara hawa wa Kariakoo kila Jumamosi.

Duara lilipokamilika, mkono wa Angelina ulikuwa umeshikwa na jirani yake wa fremu, mama mwenye duka lililopakana na lake.

Tangu fremu yake ya vitenge iungue, Angelina alikuwa akiwapitia wenzake na kuwanong'oneza, "Mmekiona kiganja cha yule mama? Ameunguaje kama si yeye aliyewasha moto?"

Sasa kiganja chenyewe kilikuwa ndani ya chake. Makovu yake yalikuwa magumu, yamenyooka, mistari minne iliyoachana sawasawa.

Angelina aliijua mistari ile. Ilikuwa mikunjo ya mlango wake wa bati, aliokuwa akiusukuma juu kila asubuhi. Huyu mama aliuinua ukiwa wa moto, aokoe mali isiyo yake.

Angelina akajaribu kuuchomoa mkono, ukakazwa.

"Bwana," jirani akaomba, "huyo anayenisema, jina lake unalijua. Usimwaibishe mbele za watu. Mpe tu nguvu aseme mwenyewe. Amina."

"Amina!" stoo nzima ikaitikia.

"Haya, dada Angelina," mzee akasema, macho kayafumba. "Zamu yako. Sauti itoke, wote tusikie."