Maneno ya Barua

Inspekta Mgaya aliweka mezani barua ya kumtishia hakimu kifo, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kizamani.

"Mwalimu Lukindo tumeshamtia ndani," alimwambia Bi. Sikitu, mkutubi wa mji. "Maneno haya haya yamo katika insha zake."

Bi. Sikitu alitabasamu. Kwa miaka ishirini alikuwa akiorodhesha mafungu ya maneno yanayojirudia katika riwaya kongwe za Kiingereza.

"Afande, hili la 'kwa moyo mzito' nimelikuta katika vitabu sitini. Kila aliyesoma vitabu hivi huandika hivyo. Mwachieni mwalimu wa watu."

"Na hili la mwisho?"

Akalisoma: utakufa kabla umande haujakauka. Tabasamu likamtoka. Habari za umande hakuwahi kuzikuta kitabuni. Alizisikia kwa mumewe tu, alfajiri, kwa Kiingereza kile kile, akimhimiza aamke kabla umande haujakauka.

"Nipe muda nitafute," alisema.

Inspekta akavuta kiti, akaketi kusubiri. Nje ya dirisha mume wa Bi. Sikitu alikuwa ameshafika kumchukua, akimpungia mkono.