Ovaroli Mbili za Fundi Betri

Fundi betri alivua ovaroli nyuma ya nyumba, akaikung'uta mbali na dirisha, akaisokomeza kwenye gunia pamoja na ile ya kubadilisha, ndani ya banda la kuku lisilo na kuku. Akaoga kwenye bomba la nje, akajisugua mpaka chini ya kucha. Ndipo akaingia kwake ananukia sabuni kama bwana harusi.

Mkewe, mwenye mimba ya pili, alimtazama kwa jicho la pembeni. Siku hizi alikuwa mtu wa kununa. Fundi alidhani ni mimba.

Zamani hakuwa na mambo hayo. Alishinda akivunja betri za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo, akarudi na vumbi lake nguoni, na mkewe, tumbo liko mbele, akazifua nguo zile kwa mikono. Mtoto wao wa kwanza sasa anarudia darasa tena, na herufi hazikai kichwani. Daktari alimpima damu, akamvuta baba pembeni: ni sumu ya risasi, na huenda ilianza kumwingia tangu tumboni, kwa vumbi la nguo za kazi.

Fundi hakumwambia mkewe. Aliona haya. Mama wa watu aliamini mtoto aliharibika siku yeye alipoteleza bafuni akiwa mjamzito, na kila alipolilia hilo, mumewe alimpa pole. Alijiapiza tu kwamba huyu wa pili vumbi halitamfikia.

Jioni ile uzalendo ukamshinda. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akamketisha mkewe.

"Mama watoto, kuna jambo nimekuficha."

"Ngoja nianze mimi," mkewe alisema, machozi yanamlengalenga. "Nisamehe, mume wangu. Mwanamume anayeoga kabla hajaingia kwake, nikajua una mwanamke huko nje. Tangu mimba hii iingie, kila ukienda kazini natoa ile ovaroli uliyoiacha guniani, nazamisha uso humo, nanusa mpaka mifukoni, natafuta manukato yake."

Akacheka kwa aibu, akajifuta pua kwa kiganja.

"Sijapata kitu, baba. Ni vumbi tu."