Lori Lisilokunywa Mafuta

Zamani wanyama walipokuwa na malori, Ngiri alitafuta la kubebea mihogo, tena lisilokunywa mafuta. Nyati akamwonyesha lake.

"Linafika sokoni kila siku, ila kwa wiki linamaliza pipa zima."

"Huo sasa ni ulevi!" Ngiri akasema, akaenda kwa Nyegere.

"Langu mwaka mzima limekunywa kidumu kimoja tu," Nyegere akaapa.

Ngiri hakuuliza zaidi. Akalipa, kisha akafunua boneti. Ndani alimkuta Kanga anaatamia mayai.

"Taratibu, bwana," Kanga akasema. "Mara ya tatu hii natotoa humu, na hakuna aliyewahi kunisumbua."

Ngiri akatoka mbio kwenda kumwita Nyegere mwongo. Njiani akakumbuka kwamba hakuambiwa uongo hata neno moja. Akarudi, akaanza kusukuma.